Mkeka wa Mishale na Mchi Wako

Mke wangu, Mama Zaina,

Huko uliko naamini hakuna baridi. Huku ukungu umelala mpaka mlangoni. Jogoo wa jirani anawika na hatumwoni. Sisi wazima. Nimeanza na hilo ili usisome barua nzima roho iko juu.

Unajua mimi sio mtu wa kuandika. Darasa la nne, nikatoka, nikashika msumeno. Kalamu hii ni ya Zaina. Daftari lake pia, la hesabu, kurasa za nyuma. Nimefunga mlango ili Shechambo asinione. Akiniona atacheka wiki nzima, na mimi nipo naye kwenye msumeno mmoja kutwa.

Sababu ni kikao. Juzi walituita wazazi shuleni. Kuna watu wameleta tena ile michezo ya televisheni hapo mjini, ile ya kurukaruka kwa kufuata muziki. Safari hii wameleta mashine tatu kwa mpigo. Wazazi wakagawanyika. Huyu anasema inawachangamsha watoto akili. Yule anasema inawaharibu, ifungwe. Kelele. Mwenyekiti akasema, "Baba Zaina asimame. Mwanawe ndiye wa kwanza kucheza kitu hicho hapa kwetu. Atuambie."

Nikasimama. Nikasema, "Ina faida na ina hasara." Nikakaa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Wakacheka wote. Lakini nilikuwa sijamaliza. Nilipokuwa napanda kurudi nyumbani maneno yakaanza kuja, moja moja, kama matone kwenye majani ya mgomba mvua ikishakatika. Nikaona yanakuja kwako, sio kwa mwenyekiti. Basi nakuandikia wewe. Mwalimu mkuu akitaka kuibandika ukutani aibandike. Wasome. Sina la kuficha.

Unakumbuka siku ya kwanza nilipokuona? Nilikuja kwenu kupasua gogo la baba yako. Ulikuwa uani unatwanga mahindi ya makande, peke yako. Unaurusha mchi juu, unapiga makofi mawili, unaudaka, unautwanga. Unaurusha tena. Nikasimama na msumeno begani kama mjinga. Nikakuuliza, "Makofi hayo unampigia nani?"

Ukasema bila kuniangalia, "Mwenzangu. Hajafika."

Gogo lile la siku mbili nililipasua siku tano. Baba yako akaniambia nimekuwa mvivu.

Halafu akazaliwa Zaina. Alipofika miaka mitano ukaniambia nimchongee mchi wake. Nikamchongea mfupi, wa mkaratusi, mwepesi. Nikasema mtoto atakupiga vidole. Ukasema, "Hatanipiga. Nitamngoja." Na kweli. Mchi wako ulikuwa unapanda, unasimama kidogo kule juu, unangoja. Wake unashuka. Ndio wako unafuata. Nilikuwa nawasikia nikitoka msituni Magamba jioni, nimejaa unga wa mbao mpaka kwenye kope. Ukungu unafuta kila kitu. Sioni njia, sioni nyumba. Nasikia mzito, mwepesi. Mzito, mwepesi. Nafuata sauti, nafika mlangoni.

Mlikuwa mnahesabu kwa kinu. Moja wewe, mbili yeye. Mpaka mia. Mwalimu alidhani yeye ndiye aliyemfundisha mtoto hesabu. Tukamwacha adhani.

Halafu masika yale ukaumwa. Sitaandika hapo. Ulikuwepo, unajua.

Nitaandika neno lako la mwisho tu. Uliniambia, "Zaina asitoke nyumba hii mpaka amalize la saba." Nikasema sawa. Ukanishika kifundo cha mkono. "Sio sawa ya mdomoni. Mimi nilipelekwa kwa watu nikiwa la tatu. Wakasema wananisaidia. Nikawa mtu wa masufuria. Mwanangu asiende kwa mtu, hata kwa dada yangu." Nikasema, "Haendi." Ukaniachia.

Tulipotoka kaburini nyumba ikanyamaza. Sijui nisemeje. Ilikuwa kama ukisimamisha msumeno katikati ya gogo. Zaina hakulia sana. Alinyamaza tu. Ukimwuliza anatikisa kichwa. Michi miwili akaiegemeza ukutani, wako na wake, akaacha kuigusa. Nikawa nanunua unga wa mashine. Makande hatukula tena. Shuleni mwalimu akisema soma, anasimama na kitabu, mdomo haufunguki.

Arobaini ilipokwisha dada yako, Mama Mkubwa, alibaki siku mbili. Akamwangalia mtoto. Akaniita nje.

"Shemeji, huyu mtoto anapotea huku unamwona."

"Atapoa."

"Kwa nani? Kwako? Wewe mwenyewe huongei. Mtakaa humu kama magogo mawili." Kisha akasema, "Namwacha mpaka shule zifungwe Desemba. Nikipanda nikamkuta hivi, nashuka naye kwangu Mazinde. Na usiniletee maneno ya marehemu. Marehemu alikuwa mdogo wangu."

Ni kweli siongei.

Sasa huo mkeka wa mchezo.

Mwezi wa nane Hoza, yule kijana anayeuza kaseti na betri pale stendi, alipanda na televisheni kutoka Dar. Si unajua tangu serikali iseme biashara ruksa kila kitu kinapanda mlima huu. Viatu vya Wazungu, redio, makoti ya baridi ya watu wasiojulikana. Safari hiyo kikapanda kimkeka cha plastiki chenye waya. Kimechorwa mishale minne. Mbele, nyuma, kushoto, kulia. Unakichomeka kwenye mashine, mashine kwenye televisheni. Muziki unapiga. Kwenye kioo mishale inapanda kutoka chini kama mapovu. Mshale ukifika mstarini, unakanyaga wa kwako chini, palepale, sio kabla, sio baada. Ukiwahi umekosea. Ukichelewa umekosea. Ndio mchezo huo. Hakuna kingine.

Shechambo ndiye aliyeniambia. Tulikuwa kwenye gogo la msindano, yeye juu, mimi chini kwenye shimo la kupasulia.

"Mwanao amekuwa mcheza dansi."

"Nani?"

"Una watoto wangapi? Zaina. Yuko kwa Hoza, watu wamejaa mpaka barabarani. Mimi nilidhani wanauza sukari."

"Usinitanie."

"Nitakutania vipi na nimeshika msumeno?"

Siku ya soko nikashuka. Nikasimama nyuma ya watu. Mama Zaina, nilimwona. Sketi ya shule, miguu mitupu, vumbi jekundu mpaka magotini. Miguu ile ilikuwa inajua. Kioo kinamulika uso wake bluu, kijani, bluu. Wavulana wakubwa walishajaribu wakakwama. Yeye alikuwa hatazami hata miguu. Na wimbo ulipoisha akacheka. Meno yote. Akamgeukia msichana wa jirani akamwambia, "Sasa wewe. Usiwahi. Ngoja utoke."

Nilikuwa sijasikia sauti yake tangu masika. Na maneno yale yalikuwa yako.

Sikumwita. Nikarudi nyumbani bila chumvi niliyoifuata.

Kwa hiyo faida, nawaambia wale wa kikao, naijua. Niliiona kwa macho. Mtoto aliyekuwa amefungwa ulimi akaanza kuongea. Kwanza kuhusu mchezo tu. Baadaye akawa anatuma salamu kwa Shechambo. Mwalimu akanisimamisha njiani, akasema Zaina amesoma ukurasa mzima darasani. "Anasoma huku anagonga mguu," akasema. "Nikimkataza kugonga, anakwama. Nimemwacha agonge." Akapata na rafiki. Walikuwa wanarudi pamoja kutoka shule, wanakanyaga njia kwa hesabu, mguu huu, mguu huu, kama mtu mmoja mwenye miguu minne. Mwili wake ukaamka. Akawa anakula.

Nikafurahi. Nikalala.

Kulala ndio kosa langu. Nilifurahi nikaacha kuangalia.

Siku moja nikaingia bustanini kwako kung'oa karoti. Nikavuta jani, jani tupu. Jingine, tupu. Tuta lote majani yamechomekwa ardhini, chini hakuna kitu. Zaina alikuwa anang'oa karoti, anampelekea Hoza, Hoza anauzia abiria wa mabasi. Karoti fungu, nyimbo fungu. Na majani anayarudisha kwenye udongo ili baba asijue. Akili zako hizo.

Nikauliza. Akajua kujibu sasa. "Nilikuwa nacheza kidogo tu, baba."

Kidogo. Mwalimu akaniambia mchana harudi darasani. Kichwa kinamuuma, macho mekundu. Akichochea ugali, mwiko unakwenda kwa muziki ambao mimi sisikii, na ugali unaungua huku anautazama. Namwita mara tatu. Anasikia ya nne. Nyayo zina malengelenge. Nikimwambia pumzika anasema ndiyo baba, na vidole vya miguu vinaendelea.

Alfajiri moja niliamka kwenda kazini. Kijua hakijatoka, kuna ule mwanga wa maziwa. Nikamkuta amelala chali, macho wazi. Miguu inakanyaga hewani, polepole. Mbele. Nyuma. Kulia. Nikasema, "Zaina." Hakunijibu. Baadaye sana akasema, kama anaongea na mtu aliye darini, "Inapanda hata nikifumba macho."

Siku ileile akaanguka kwenye njia ya mtoni. Alikanyaga mahali pasipo na njia. Akasema aliona mshale.

Mimi nikaona nimeelewa. Utanicheka. Nikasema huyu ana pepo.

Ungefanya nini? Mtoto macho wazi haitiki, miguu inacheza peke yake, anaona vitu vinapanda. Huku kwetu hilo lina jina na lina dawa. Nikachukua kuku, yule mwekundu wako. Nikamshika mtoto mkono. Tukavuka mto kwenda kwa Bi Kijoli, yule anayepunga pepo. Shechambo nikamwambia naumwa tumbo.

Tulifika Bi Kijoli anachoma mahindi. "Shikamoo, bibi." "Marahaba. Kuku wa nini?" Nikamweleza. Akamtazama Zaina miguuni, akatazama usoni. Akanawa mikono. Wakamfunika mtoto kaniki, wakafukiza ubani, vijana wawili wakakalia ngoma.

Ngoma ya kwanza. Miguu ya Zaina ikaingia mara moja. Nikasema moyoni, pepo huyo. Mpigaji akabadilisha. Miguu ikabadilika. Akaenda haraka. Ikaenda. Akapunguza, akaruka pigo moja makusudi. Zaina akasimama kwa mguu mmoja, akangoja, akakanyaga palepale. Yule kijana akaanza kutokwa jasho. Akamtazama mwenzake. Wakajaribu kumtega wote wawili, huyu hivi, huyu hivi. Hakutegeka. Chini ya kaniki tukasikia mtoto anacheka.

Bi Kijoli akainua mkono. Ngoma zikasimama.

"Wewe uliyemo, unaitwa nani?"

"Zaina, bibi."

"Zaina gani?"

"Zaina wa darasa la tano."

Wale vijana wakaangua kicheko, mmoja akaangukia ngoma. Bi Kijoli akaitoa kaniki. "Pepo wangu hawana darasa," akasema. "Huyu anahesabu. Unahesabu nini, mjukuu wangu?"

Zaina akanitazama. Akaona aibu. Akasema polepole, "Mshale ni wangu. Halafu katikati ya mshale na mshale, pale kimya, ni pa mama. Nikicheza vizuri namsikia anatwanga. Nikikosea anaacha."

Mama Zaina, nikatazama jivu. Sikuwa na pa kutazama pengine.

Bi Kijoli akanirudishia kuku. "Sichukui kuku kwa kazi isiyokuwepo," akasema. "Nendeni, mahindi yangu yanaungua."

Tukarudi. Ukungu ulikuwa umeshuka, mto tunausikia hatuuoni. Zaina akamwomba kuku, akambeba kifuani. Njia nzima nilikuwa nafikiri kwa akili zangu hizi za msumeno. Msumeno wa watu wawili kazi yake ni kuvuta. Husukumi. Unavuta, unaachia, mwenzako anavuta. Ukisukuma unaupinda. Sasa mtoto huyu alikuwa anavuta upande wake, na upande wa pili hakuna mtu. Kuna mashine. Na mashine haimngoji mtu. Hiyo ndio hasara yake kubwa, wala sio macho wala kichwa. Inapiga vilevile kwa mzima na mgonjwa, kwa aliyeshiba na mwenye njaa. Ukichoka, yenyewe haijachoka. Wewe ulikuwa unausimamisha mchi juu unamngoja. Mtoto alikuwa anakutafuta mahali ambapo hakuna wa kumngoja. Ndio maana alikuwa anarudi kila siku.

Kesho yake nikaenda kwa Hoza.

"Zaina ni siku ya soko tu. Nyimbo tatu. Karoti hupokei."

"Mzee wangu, siku hizi ruksa. Kila mtu na biashara yake."

"Ruksa ni yako. Mtoto ni wangu."

"Na akitaka wa nne?"

"Ukimpa wa nne nitakuja na msumeno."

"Wa nini tena?"

"Wa hiyo meza ya televisheni."

Akacheka. Kisha akaona sijacheka. Kusema kweli, Hoza hakuvunja neno. Nyimbo tatu zikiisha alikuwa anazima mwenyewe, anamwambia, "Nenda, baba yako ana meno marefu."

Lakini kumkataza ni nusu ya kazi. Siku ya kwanza Zaina alilia. Siku ya pili alilia. Siku ya tatu alinyamaza, kule kunyamaza kwa zamani, nikaogopa kuliko kilio. Desemba ilikuwa inakuja. Nikatazama ukutani. Nikauchukua mchi wako.

Sikukuomba ruhusa. Nakuomba sasa.

Nilimwaga mahindi kinuni nikaanza. Mwanaume mzima na ndevu zangu. Kwanza nilijaribu ile ya kwako, kuurusha na kupiga makofi. Ukaniangukia dole gumba. Ukucha ukatoka baadaye. Zaina akatoka ndani kutazama nani anatukana.

"Baba, wanaume hawatwangi."

"Nani kasema?"

"Watu wote."

"Chukua wako."

Akauchukua. Tukaanza, tukagongana hapohapo. "Unawahi, baba." Tena. "Unawahi! Subiri mshale." Sikuuona mshale wowote. Nikafumba macho nikafikiri niko shimoni, Shechambo yuko juu. Vuta, achia. Mchi ukapanda, nikausimamisha, nikangoja. Wake ukashuka. Ndio nikautwanga.

Mzito, mwepesi.

Alikuwa anahesabu kwa midomo. Tulipofika thelathini akaanza kuhesabu kwa sauti. Tukala makande siku hiyo, mahindi nusu yana maganda.

Majirani walinionyesha dunia. Wanawake wakipita wanaita juu ya uzio, salamu ya kikwetu kama kwa mwanamke mwenzao, "Onga mahundo, mke mwenzangu!" Shechambo akaniletea kanga kazini, imekunjwa vizuri, mbele ya watu. Akasema, "Umesahau vazi lako, shangazi." Nikaifunga kiunoni nikapasua mbao nayo siku nzima. Akachoka yeye.

Zaina siku ya soko anacheza nyimbo zake tatu, anarudi anacheka. Siku nyingine tunatwanga. Kichwa kikaacha kuuma. Miguu alfajiri ikatulia. Masomo ya mchana akawa anarudi. Mkeka wenyewe ulikufa mvua za vuli, maji yaliingia kwenye waya, na Hoza hakupata fundi. Nilitegemea msiba. Akasema tu, "Basi."

Halafu shule zikafungwa na Mama Mkubwa akapanda.

Hakuleta taarifa. Alishuka kwenye basi, akapandisha kwa miguu, kanga moja begani ya kufungia vitu vya mtoto. Alipofika kwenye migomba akasikia michi miwili. Mzito, mwepesi. Sisi hatujui. Tunasikia tu mtu anapiga hodi kwa hasira, hangoji karibu, yuko uani. Nilikuwa nyuma ya nguzo hakuniona vizuri. Alimwona Zaina.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Sijaitika. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke! Kaburi halijaota nyasi, baba yako kaweka mwanamke anashika mchi wa mdogo wangu!"

Nikajitokeza. Mchi mkononi. Maganda ya mahindi kwenye ndevu.

Dada yako alinitazama. Akautazama mchi. Akachungulia ndani, jikoni, hata nyuma ya nyumba alienda, nakuapia. Akarudi. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Shikamoo, dada."

Akakaa chini kwenye gogo. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kisha akawa analia, kisha vyote. Akanyoosha mkono. "Lete hapa. Unamwaga mahindi." Akanipokonya mchi, akasimama mbele ya Zaina. Wakaanza.

Mama Zaina. Ninyi mlijifunza kwenye kinu kimoja. Mchi ulipanda, ukasimama kidogo kule juu, ukangoja. Ulikuwa ni wewe. Kama ningefumba macho ungekuwepo, na nilifumba. Zaina akaacha kuhesabu. Akatwanga tu, mdomo wazi, anamsikiliza mama yake mkubwa mikononi. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama kwenye migomba. Nilikaa huko mpaka mahindi yakaisha.

Alilala siku tatu. Siku ya kuondoka nilikuwa sijui atasema nini, na sikuuliza. Aliikunjua ile kanga yake uani. Akasema, "Zaina, nenda bustanini kaning'olee karoti. Nilileta kanga ya kubebea kitu, sitarudi nayo tupu."

Karoti zilikuwa zimeota upya. Akazifunga. Akaniambia njiani, "Shemeji, makande yako mabaya." Akashuka peke yake.

Hiyo ni miaka miwili sasa. Zaina amemaliza la saba. Amemaliza humu ndani, mke wangu, kwenye nyumba hii, hakwenda kwa mtu. Nilisema haendi. Sio sawa ya mdomoni. Na amefaulu. Kesho kutwa anashuka kwenda sekondari, ya bweni, kwa miguu yake, na sanduku nililompigia mwenyewe kwa mbao za msindano.

Basi wazazi wenzangu, kama mnasoma ukutani hapo, jibu langu ni hili. Mchezo ule ulimfungua mwanangu mdomo wakati mimi na maneno ya watu wote tulishindwa. Ulimnyima pia macho, darasa na karoti nilipokuwa nimelala. Muulizeni mtoto anasikia nini akicheza. Mpangieni nyimbo, tena chache, kukiwa mchana. Zikiisha, muwe na kitu cha kufanya naye, ninyi wenyewe, kitu cha zamu, yeye kisha wewe. Kama hamna, msilaumu mashine. Sina lingine kwenu.

Nabaki na wewe.

Jana asubuhi Zaina aliniuliza, "Baba, nikiondoka utatwanga na nani?" Nikamwambia unga wa mashine upo. Akanitazama kama ulivyokuwa unanitazama nikidanganya.

Leo ameenda kuaga rafiki yake. Nimebaki peke yangu. Ukungu umeingia mpaka uani, kinu nakiona nusu. Mchi wako umepungua. Nilipokuwa nashika mimi umekuwa laini mahali papya, chini ya pale ulipokuwa unashika wewe, maana mikono yangu mikubwa. Usinikasirikie.

Nikamwaga mahindi kidogo. Nikaurusha juu. Nikapiga makofi mawili.

Nikaudaka.

Lala salama, mke wangu. Ukisikia makofi huko, ni yako.

Mumeo,
Baba Zaina